Draiva isiyojua kunyamaza

Nitasema mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa: draiva ya kifaa ikifanya kazi yake vizuri inapaswa kukaa kimya. Sisemi ipunguze sauti. Nasema inyamaze. Na siku ikishindwa, iseme sentensi moja ambayo mtu asiye na msimbo wake mbele yake anaweza kuifanyia kazi. Ninayoyaona kwenye mashine zinazopita mikononi mwangu ni kinyume kabisa. Draiva inapiga domo tangu mashine iwashwe, inatangaza toleo lake, inamsifu aliyeiandika, inahesabu kila pakiti, kisha siku ya shida inaandika "error" na kumwachia fundi kazi ya kupiga ramli.

Kwa wale ambao hawajawahi kuandika draiva, twende pamoja kidogo. (Na hapana, sizungumzii dereva wa matatu, ingawa makanga nitamtaja.) Draiva ni kipande cha programu kinachokaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa tarakilishi, na kazi yake ni kuongea na kifaa cha aina fulani: kadi ya Wi-Fi, modemu, printa, kihisi cha joto. Haina dirisha wala kitufe. Ikitaka kumwambia binadamu jambo, njia yake ya kawaida ni kuandika mstari kwenye logi ya kerneli. Kama unatumia Linux hapo ulipo, fungua terminali uandike dmesg (mifumo mingine itadai sudo kwanza) na utaiona mistari hiyo ikimiminika.

Sasa, mistari hiyo inakaa wapi? Hapa ndipo waandishi wengi wa draiva hujifanya hawajui. Inakaa kwenye kumbukumbu, ndani ya bafa ya duara yenye ukubwa maalum. Chaguo la kawaida la kerneli ni 2 kwa kipeo cha 17, yaani baiti 131,072, ambazo ni kilobaiti 128. Ikijaa, mstari mpya unafuta wa zamani. Piga hesabu mwenyewe. Mstari ukiwa na herufi 80, bafa inabeba mistari kama 1,600. Draiva inayoandika mistari 10 kwa sekunde itaifuta bafa nzima kabla dakika 3 hazijaisha. Kila kilichoandikwa na draiva nyingine kabla ya hapo, pamoja na habari zote za kuwaka kwa mashine, kimekwenda na maji.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayeniambia kelele za logi ni suala la ladha, wewe wapenda hivi na mimi napenda vile. Kelele inafuta ushahidi, na mara nyingi ushahidi unaofutwa ni wa mwenzako.

Mfano ninao. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisaidia mradi mmoja wa maji huko Marsabit, zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi. Kwenye tangi kulikuwa na kijisanduku chenye ubao mdogo wa Linux, kihisi cha kiwango cha maji, betri ya sola na modemu ya USB ya kutuma vipimo. Kila baada ya siku kadhaa modemu ilikatika usiku na vipimo vikakoma. Bila vipimo mwendesha pampu hakujua tangi limebaki na nini, na akina mama waliofika alfajiri na mitungi yao ya lita 20 walikuta mfereji mkavu. Hilo ndilo lililokuwa likichezewa, si faili fulani tu kwenye tarakilishi.

Fundi wa huko alipanda pikipiki mara tatu, akachomeka laptopu, akatutumia matokeo ya dmesg. Mara zote tatu tulipokea kitu kilekile: mistari 1,500 na ushei kutoka kwa draiva ya modemu, ile iliyotolewa na mtengenezaji. Modemu ikiwa nzima, draiva hiyo ilitangaza nguvu ya mawimbi. Nguvu 14. Nguvu 13. Nguvu 14. Kila mstari ukiwa umepewa ngazi ya kosa! Modemu ikishakatika, draiva iliendelea kulalamika mara kumi kwa sekunde kwamba haiwezi kusoma mawimbi. Fundi alipofika asubuhi, bafa ilikuwa na dakika za mwisho za kilio hicho na hakuna lingine. Logi zile hatukuzihifadhi kwenye kadi ya SD kwa sababu kadi hizo huchakaa kwa kuandikwaandikwa, na kwa mwendo ule ingekufa mapema.

Safari ya nne tulimwomba fundi aweke log_buf_len=64M kwenye vigezo vya kuwashia mashine, bafa iwe kubwa mara mia tano. Usiku wa tatu modemu ikakatika. Asubuhi, katikati ya bahari ya nguvu ya mawimbi, ukaonekana mstari mmoja ulioandikwa na sehemu ya kerneli inayosimamia milango ya USB:

usb usb1-port1: over-current condition

Mkondo wa umeme umezidi kwenye mlango huo. Kebo ya modemu ilikuwa imechubuka pale inapoingia kwenye sanduku, na umande wa usiku ulikuwa ukiipiga shoti. Ilibadilishwa siku hiyohiyo. Kerneli ilikuwa imesema ukweli tangu usiku wa kwanza, kwa maneno machache yenye kila kitu: mlango upi, tatizo gani. Draiva jirani ikayafuta kabla mtu hajayasoma. Safari tatu za pikipiki, mafuta, na wiki za mfereji mkavu, kwa sababu mtu fulani ofisini kwake alitaka kuona nguvu ya mawimbi ikipanda na kushuka akasahau kuziba bomba alipomaliza.

Tuje kwenye ngazi, maana hapa ndipo uzembe ulipokithiri. Jumbe za kerneli zina ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7, tulizorithi kutoka syslog, mfumo ambao Eric Allman aliuanzisha miaka ya 1980 pamoja na Sendmail. Ngazi ya 0 ni dharura, mashine haitumiki tena. 3 ni kosa, 4 ni onyo, 6 ni taarifa, 7 ni ya kutafutia hitilafu. Watu wanazichagua kama wanavyochagua rangi ya shati. Lakini ngazi ina matokeo. Mashine nyingi za watu wa kawaida huwashwa na neno quiet kwenye vigezo vyake, na neno hilo kwa kawaida huruhusu ngazi 0 hadi 3 pekee zifike kwenye skrini. Ukitumia dev_err kwa sababu tu kifaa cha hiari hakikupatikana, umemtolea mwalimu wa Kitale mstari wa kutisha kila anapowasha laptopu yake. Ataipeleka kwa fundi. Fundi atamtoza. Na hakuna kilichoharibika!

Kipimo ninachotumia ni hiki. Kosa maana yake kuna jambo mtumiaji aliloomba na halitafanyika. Onyo maana yake litafanyika kwa upungufu, na yuko mtu anayeweza kurekebisha. Mengine karibu yote ni ngazi ya 7, ambayo kwa kawaida haionekani mpaka mtu aiombe.

Kituko kikubwa kuliko vyote ni namba -517. Draiva ikianza kabla ya kitu inachokitegemea, tuseme saa ya ubao au kidhibiti cha umeme, inarudisha EPROBE_DEFER, yaani bado, rudi baadaye. Sisi Wakenya tuliozeeka kwenye madirisha ya ofisi tukiambiwa "njoo kesho" tunaelewa mara moja kwamba hilo si kosa, ni foleni. Lakini kwa miaka mingi draiva za bodi ndogo za ARM zilikuwa zikiandika kwamba zimeshindwa kupata saa, -517, kwa ngazi ya kosa, mara nne, mara tano, kisha jaribio la sita linafaulu kimyakimya. Anayesoma anaona makosa matano na hana njia ya kujua kwamba yaliisha. Kerneli 5.9 iliyotoka Oktoba 2020 ilileta dev_err_probe, ambayo inajua tofauti. Ikiwa ni "njoo kesho", inanong'ona kwenye ngazi ya 7 na kuiandika sababu pembeni kwa atakayeuliza. Ikiwa ni kosa la kweli, inapaza sauti. Ni mstari mmoja wa msimbo, na unafupisha draiva badala ya kuirefusha. Bado napitia draiva mpya ambazo waandishi wake hawajawahi kuisikia.

Haya, na ujumbe wenyewe je? Tazama huu:

ERROR!!! read failed!!

Nani ameshindwa? Kusoma nini, kutoka wapi? Ubao una vihisi vitatu vya joto vya aina moja, nichomoe kipi? Alama za mshangao ni tano na habari ni sufuri. Debe tupu haliachi kutika. Linganisha na huu, ambao nimeutunga kwa mfano:

tempsens 1-0044: temperature read failed: -ETIMEDOUT

Hapa fundi ana pa kuanzia. Draiva ni tempsens, kifaa kiko kwenye basi ya I2C namba 1, anwani 0x44, kilichoshindikana ni kusoma joto, na sababu ni kwamba kifaa hakikujibu kwa wakati. Ataangalia waya za kihisi hicho, si vile viwili vingine. Na jina lile la mwanzo wala hukuliandika wewe. Ukitumia dev_err badala ya printk tupu, kerneli inaweka yenyewe jina la draiva na la kifaa. Zana hiyo ipo tangu zama za 2.6, zaidi ya miaka 20 sasa, kwa hiyo sioni kisingizio. Jina la kosa badala ya ile -110 ya mafumbo linaletwa na %pe, iliyoingia kerneli 5.5 mwaka 2020.

Mengine mbiombio. Usiikate sentensi ya ujumbe katika mistari miwili ya msimbo hata kama inavuka ukingo. Mwongozo wa kerneli wenyewe unakuruhusu kuvuka, kwa sababu kuna mtu atakayenakili maneno hayo na kuyatafuta kwa grep, na yakikatwa hatayapata. Kwa sababu hiyohiyo chunga tahajia. Kerneli ina faili nzima, scripts/spelling.txt, ya maneno ambayo watu huyakosea tena na tena, na checkpatch itakuonya ukiyaandika. Usitangaze kwamba kumbukumbu imekwisha baada ya kmalloc kushindwa, maana kerneli imekwisha kutoa ripoti ndefu kuliko yako. Kosa linaloweza kujirudia lipitishe dev_err_ratelimited, ambayo kwa kawaida huruhusu jumbe 10 kila sekunde 5. Ile modemu ya Marsabit ingetumia hiyo tu, kilio chake kingepungua mara tano. Wala usichapishe anwani za kumbukumbu. Tangu 4.15 ya Januari 2018, %p inaficha anwani halisi kwa makusudi, kwa sababu ni ramani ya bure kwa mvamizi, lakini nakuta draiva ambazo waandishi wake wamehangaika kuzunguka kizuizi hicho ili tu logi ipendeze.

Najua majibu, nimeyasikia. La kwanza: diski ni rahisi siku hizi, andika kila kitu, ziada haiumi. Diski ya nani? Nimeeleza kwamba bafa ni kilobaiti 128, na kwamba vifaa vingi vinavyotumia draiva hizi havina diski, vina kadi ya SD na bando la data ambalo mtu analipia. Atakayezituma logi hizo kutoka porini kwenye mtandao wa 2G atakueleza kama ziada haiumi.

La pili: sasa nitajuaje kwamba draiva imepakiwa kama haijasema? Utajua kwa lsmod. Utajua kwa kuangalia ndani ya /sys. Na kifaa chako kikiwa cha USB, kerneli imekwisha kutangaza kuingia kwake kabla yako. Makanga anapopiga kelele Tom Mboya anatafuta abiria, ana sababu. Draiva inayotangaza "imepakiwa kwa ufanisi, toleo 1.0.3, haki zote zimehifadhiwa" inatafuta abiria gani? Kifaa kimekwisha kununuliwa.

La tatu lina uzito, na sitalidharau: mimi naitengeneza, nahitaji kuona kinachoendelea ndani. Kweli kabisa. Ndiyo maana kuna dev_dbg. Andika nyingi utakavyo, hata mia. Tangu 2009, kerneli iliyojengwa na dynamic debug inakuruhusu kuziwasha na kuzizima mashine ikiwa inakwenda, kwa faili moja, kwa kazi moja, hata kwa mstari mmoja wa msimbo, kwa kuandika amri fupi kwenye faili la udhibiti. Fundi wa mbali akikwama unamwambia awashe, anakupa ulichohitaji, anazima. Tatizo la yule mwandishi wa modemu halikuwa kwamba alitaka kuona. Alitaka sisi sote tuone, milele.

Kuna gharama nyingine ambayo waliozoea skrini hawaioni. Bodi nyingi ndogo huongea na msanidi kupitia konsoli ya waya kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde. Kila herufi hula biti 10 ukihesabu ya kuanza na ya kumaliza, kwa hiyo waya unapitisha herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari wa herufi 80 unachukua karibu milisekunde 7. Kwa kichakataji hiyo ni safari ya Nairobi hadi Mombasa kwa mguu, na kwa muda mrefu kerneli ilikuwa ikisubiri mstari umalizike kabla ya kuendelea. Weka ujumbe wa namna hiyo ndani ya kishughulikiaji cha katizo na umebadilisha tabia ya kifaa unachokichunguza. Nimeona hitilafu za kupishana muda ambazo zilikuwepo mpaka mtu alipoongeza ujumbe wa kuzitafuta. Zikatoweka, akatangaza ushindi, akauondoa ujumbe, zikarudi.

Na msidhani haya ni malalamiko ya fundi mmoja wa Nairobi. Aprili 2014 kulizuka ugomvi mkubwa kati ya watu wa kerneli na watu wa systemd. Mtu akiweka neno debug kwenye vigezo vya kuwashia, akitaka habari za kerneli, systemd nayo ililichukua neno hilo na kuijaza logi ya kerneli kwa jumbe zake kiasi kwamba mashine nyingine zilishindwa kuwaka. Linus Torvalds alikasirika hadharani mpaka akasema hatapokea msimbo wa mmoja wa wasanidi wakuu wa upande wa pili. Mwaka 2016 kerneli ikawekewa breki kwa programu za nje zinazoandika kwenye logi yake. Watu wengine walimwona Linus amepita kiasi kwa maneno, na kwa maneno sawa, huwa anapita. Kwa hoja, mimi niko naye: logi ya kerneli ni mali ya wote, na anayeijaza amewanyima wengine.

Swali ambalo naulizwa mara kwa mara: kwa nini jumbe hizi zisiandikwe kwa Kiswahili? Naipenda lugha yangu, ndiyo hii naandika, lakini hapa nasema hapana. Nguvu ya ujumbe ni kwamba maneno yaleyale yanapatikana kwenye msimbo na kwa mtu wa Brazili aliyepatwa na shida hiyohiyo mwaka jana. Ukitafsiri umevunja daraja hilo. Ninachodai ni Kiingereza kinachosomeka na mtu ambaye hiyo ni lugha yake ya tatu, baada ya Kirendille na Kiswahili. Draiva ya zamani ya printa kwenye Linux ina ujumbe maarufu:

lp0 on fire

Eti printa inaungua! Maana yake halisi ni kwamba printa imeripoti hitilafu, na si kuisha kwa karatasi wala kuzimwa. Wakongwe wanacheka, hata mimi nimecheka. Na moto huo, kama kuna anayejali, umetangazwa kwa ngazi ya 6, taarifa tu. Kijana wa cyber aliyeanza kazi jana hachekeshwi; anachomoa printa ukutani. Kichekesho kwenye logi kinahitaji msomaji aliyekulia mahali ulipokulia wewe, na huna haki ya kudhani hivyo.

Siku hizi nikipewa draiva ya mtu niipitie, nasoma jumbe kwanza kabla ya msimbo. Zinaniambia kama mwandishi aliwahi kumfikiria mtu mwingine akiwa mbele ya kifaa hicho, jua kali, betri asilimia 20, bila yeye. Kama hakumfikiria, nairudisha.

Jaribuni wenyewe: dmesg --level=err. Hesabuni mistari, kisha mjiulize ni mingapi inaeleza jambo lililoshindikana kweli. Ukipata ya uongo, tafuta maneno yake ndani ya msimbo wa kerneli, badilisha ngazi, na scripts/get_maintainer.pl itakuambia rekebisho lipelekwe kwa nani. Marekebisho ya aina hii ni madogo, hupokelewa bila vita, na ni mlango mzuri kwa anayetaka kuanza kuchangia kerneli. Laptopu ninayoandikia imenitolea mistari 9 leo asubuhi. Saba ni ya draiva moja ya Bluetooth ambayo haina tatizo lolote. Rekebisho lake nimeliandika, limebaki kujaribiwa, nalituma jioni hii.